Kamera ya ami ilivyomtoa seremala kwenye randa

MTOTO anashinda na simu mkononi akipiga picha kila kinachopita mbele yake: paka, sahani ya wali, bibi aliyesinzia kibarazani. Mzazi anamtazama na kujiuliza: huu ni mchezo wa kumpotezea muda, au kuna kazi ndani yake?

Swali hilo halikuanza na simu za mkononi. Mwaka 1935 lingeweza kuulizwa katika nyumba moja ya mafundi seremala mjini Bamako, Mali, nchi iliyokuwa bado koloni la Ufaransa.

Katika nyumba hiyo alikuwamo kijana wa miaka ipatayo 14, Seydou Keïta, kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Shule hakwenda. Baba yake na ami yake, Tiémoko, walikuwa watengeneza samani, naye alifundishwa kazi hiyo tangu utotoni. Kila aliyemfahamu angesema huyu atarithi karakana.

Siku moja ami huyo alirudi kutoka safari ya Senegal akiwa na zawadi: kamera ndogo aina ya Kodak Brownie, na ndani yake filamu ya picha nane tu.

Kutokana na zawadi hiyo alipatikana mmoja wa wapiga picha za familia wanaoheshimiwa zaidi duniani. Lakini haikutokea kwa mwaka mmoja wala miwili.

Miaka 13 ya kazi mbili

Wengi wanaosikia habari za watu waliofanikiwa katika sanaa hudhani waliamka asubuhi moja, wakaacha kazi na kufuata ndoto zao. Keïta hakufanya hivyo. Tangu alipopewa kamera hadi alipofungua studio yake ilipita miaka 13, na katika miaka hiyo alikuwa seremala na mpiga picha kwa wakati mmoja.

Wa kwanza kupigwa picha walikuwa ndugu zake na marafiki. Baadaye wakafuata majirani. Kamera yenyewe ilikuwa ya kawaida, na yeye hakuwa anajua kusafisha picha, kwa hiyo ilimlazimu kutafuta wa kumfundisha.

Aliwapata wawili. Wa kwanza ni Pierre Garnier, Mfaransa aliyekuwa na duka la vifaa vya picha mjini Bamako. Wa pili ni Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule ambaye pia alikuwa mpiga picha. Kwao alijifunza kazi ya chumba cha giza: dawa, karatasi, na subira ya kungoja sura ijitokeze.

Siku zile kila picha iliyoharibika ilikuwa hasara. Filamu ilinunuliwa, karatasi ilinunuliwa, dawa ilinunuliwa. Kijana aliyekuwa na ufundi mwingine mikononi angeweza kukosea na kurudia bila nyumba nzima kulala njaa.

Studio uani, shuka ukutani

Mwaka 1948 Keïta alifungua studio. Hakupanga chumba katika jengo la kifahari. Aliifungua katika makazi ya familia yake, mtaa wa Bamako-Coura, jirani na gereza kuu na si mbali na stesheni ya reli.

Pazia la kwanza la nyuma ya wateja lilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani, lenye tamvua pembeni. Baadaye alikuwa akibadilisha pazia kila baada ya miaka miwili au mitatu. Leo wataalamu huyatumia mapazia hayo kukadiria picha ilipigwa miaka gani.

Mara nyingi alitumia mwanga wa jua, palepale uani. Alitumia kamera kubwa ya filamu za sentimita 13 kwa 18, ambayo picha yake husafishwa kwa ukubwa uleule wa filamu bila kuhitaji mashine ya kukuzia. Na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kila mteja alipigwa mara moja tu. Kwa hiyo kazi yote ilifanyika kabla ya kubonyeza: kumgeuza mteja upande kidogo, kumwonyesha aweke wapi mikono, kunyoosha nguo, kusubiri uso utulie.

Alijua pia kwamba mtu anayekuja kupigwa picha anataka kuonekana katika hali yake bora. Studioni aliweka suti za kizungu, tai, kofia, saa za mkononi, kalamu na redio, na mteja aliruhusiwa kuvitumia. Asiye na pikipiki aliegemea ya mpiga picha.

Watu wakaja. Walikuja wenyeji wa mjini, na wengine walishuka kwenye treni ya reli iliyounganisha Bamako na Dakar. Walikuja maharusi, marafiki, mama na binti zake waliovaa kitambaa kimoja. Katika mojawapo ya picha zake zinazojulikana sana, mwanamume mwenye umbo kubwa amemshika mtoto mchanga.  Mzazi yeyote akiitazama ataelewa kwa nini mtu yule alifunga safari na kulipa.

Kupiga picha za familia za watu wengine ndiko kulikomfanya Keïta aishi kwa kamera. Kati ya 1948 na 1962 alipiga maelfu ya picha za aina hiyo.

Aliitwa serikalini

Mali ilipata uhuru mwaka 1960. Miaka miwili baadaye serikali ilimtaka Keïta awe mpiga picha wake rasmi. Muda mfupi baadaye studio ya uani ikafungwa.

Kwa wazazi wengi hapo ndipo mahali pa kushangilia: mtoto ameajiriwa serikalini. Lakini familia hazikuja tena kusimama mbele ya pazia lake. Keïta alibaki katika kazi hiyo ya serikali hadi alipostaafu mwaka 1977.

Alipostaafu, picha za rangi zilikuwa zimeshika soko na mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi aliyojifunza chumba cha giza. Hakufungua studio tena. Alirudi kwenye ufundi wa mikono, safari hii akitengeneza injini.

Jambo moja hakulifanya: hakutupa filamu zake. Alizitunza kwenye masanduku mwaka baada ya mwaka, wakati hakuna aliyekuwa akiziulizia.

Picha zisizo na mwenyewe

Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, Marekani, katika maonyesho ya sanaa ya Afrika. Watazamaji walizipenda. Lakini chini yake hapakuwa na jina la Keïta. Ziliandikwa kuwa ni za mpiga picha asiyejulikana wa Bamako.

Mpiga picha mwenyewe alikuwa hai, mzee wa miaka ipatayo 70, akiishi Bamako. Msimamizi wa maonyesho kutoka Ufaransa, André Magnin, alifunga safari hadi mji huo kumtafuta mwenye picha, akaonyeshwa kwake. Mwaka 1994 Keïta alifanyiwa maonyesho yake mwenyewe mjini Paris, na tangu hapo jina lake likaandikwa mahali pake. Alifariki dunia mwaka 2001 mjini Paris.

Mzazi ajifunze nini?

La kwanza ni kuhusu zawadi. Ami Tiémoko hakumwambia kijana aache useremala, wala hakumwahidi utajiri. Alimpa kifaa kimoja chenye picha nane, akamwacha ajaribu. Mtoto wa leo mwenye hamu ya kuchora, kushona au kupiga picha anaweza kuanza hivyohivyo, kwa kifaa kidogo na muda wa kutosha.

La pili ni kuhusu mwalimu. Hamu peke yake haikumtosha Keïta. Palihitajika mtu mwenye duka na mtu mwenye chumba cha giza waliokuwa tayari kumwonyesha. Mara nyingi kazi ya mzazi ni kumpeleka mtoto kwa fundi, na kumsalimia fundi huyo kwa heshima anayostahili.

La tatu ni kutokukata tawi ulilokalia. Mwanao akisema anataka kuishi kwa sanaa, jibu si lazima liwe ndiyo au hapana. Linaweza kuwa: endelea na kazi hii, na ile tuipe nafasi hapa nyumbani tuone wateja watakuja au la. Familia ya Bamako ilitoa nafasi hiyo, na wateja walikuja.

La nne linamhusu kila mwenye simu. Jina la Keïta limepatikana, lakini watu wengi waliosimama mbele ya shuka lake hawajulikani mpaka leo. Picha zao zinatazamwa na maelfu ya watu katika nchi mbalimbali, na chini yake huandikwa tu kwamba hazina jina, pamoja na makadirio ya miaka. Yule mtoto mchanga aliyeshikwa alikuwa mtoto wa nani? Huenda mama yake hakufikiri kama siku moja swali hilo lingehitaji kuulizwa.

Kwa hiyo jioni hii chagueni picha tano za familia zilizomo kwenye simu, mzisafishe kwenye karatasi, na nyuma ya kila moja mwandike kwa kalamu ya wino: ni nani, ni wapi, ni mwaka gani. Na kama aliyepiga ni mtoto wa nyumbani, jina lake nalo liandikwe.