Kuzuru Mlima Elgon bila wakala wa utalii: Yanayompasa msafiri kuyafahamu

Mlima Elgon, ulio katika mpaka wa Kenya na Uganda, ni miongoni mwa milima mirefu zaidi Afrika Mashariki, lakini idadi ya wageni wanaoupanda ni ndogo mno ikilinganishwa na wale wanaokwenda Mlima Kenya au Kilimanjaro. Sababu mojawapo ni umbali. Sababu nyingine ni kumbukumbu ya machafuko ya miaka ya 2006 hadi 2008, ambayo bado humfanya Mkenya wa kawaida asite anapolisikia jina la mlima huo. Makala haya yanaeleza hali ilivyo kwa mwananchi anayetaka kuuzuru kwa kujitegemea, bila kampuni ya utalii.

Kwanza, jiografia yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Upande wa Kenya, mlima umegawanyika kati ya Kaunti ya Trans Nzoia na Kaunti ya Bungoma. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 169, hufikiwa kupitia lango la Chorlim, karibu na mji mdogo wa Endebess katika Trans Nzoia. Machafuko yalishika kasi zaidi katika miteremko ya kusini, upande wa Bungoma, hususan Cheptais, Kopsiro na Kapsokwony. Anayeingia Chorlim hapiti katika vijiji hivyo.

Chanzo cha machafuko kilikuwa ardhi. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa makazi wa Chebyuk ili kuwapa mashamba watu waliokuwa wakiishi nyanda za juu za Chepkitale. Katika miaka iliyofuata, mpango huo uliingiliwa na madai yanayokinzana, mashamba yaligawanywa upya zaidi ya mara moja, na baadhi ya familia zikafukuzwa mahali zilipokuwa zimekwisha kujenga na kulima. Kutokana na mzozo wa awamu ya tatu ya mgao, likazuka kundi lenye silaha lililojiita Sabaot Land Defence Force. Mashirika ya haki za binadamu yalikadiria kuwa watu zaidi ya 600 waliuawa, na maelfu wakayahama makazi yao. Mwezi Machi 2008 jeshi lilipelekwa katika operesheni iliyopewa jina la Okoa Maisha, na mnamo Mei kiongozi wa kijeshi wa kundi hilo akauawa. Mashirika hayo yaliwashutumu pia maafisa wa usalama kwa mateso na kutoweka kwa watu waliokamatwa, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyowasilisha ripoti yake Mei 2013, ilipokea ushahidi wa wakazi kuhusu pande zote mbili.

Historia hiyo inamhusu msafiri moja kwa moja. Mgeni anayetembea vijijini peke yake, akipiga picha za mashamba na mipaka yake au akimhoji kila amkutaye kuhusu ardhi, huzua maswali ambayo hakuyakusudia. Katika maeneo ambako watu walipoteza ndugu kwa sababu ya ekari mbili au tatu, swali la nani anamiliki shamba fulani si swali jepesi. Utaratibu unaofaa kwa anayetaka kutembea vijijini nje ya hifadhi ni kujitambulisha kwanza katika ofisi ya chifu wa eneo, kueleza anakokwenda na siku atakazokaa, na kuuliza hali ya usalama ya wakati huo. Ni hatua ya nusu saa, na mara nyingi chifu ndiye humwelekeza mgeni kwa kijana mwenyeji anayeweza kumwongoza. Chepkitale nako, ambako kulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2000, ni makao ya jamii ya Ogiek, hivyo mgeni asikuchukulie kama nyika isiyo na wenyewe.

Kuhusu safari yenyewe, njia ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Mabasi ya kwenda Kitale huondoka Nairobi mchana na usiku. Kutoka Kitale kuna matatu hadi Endebess kwa barabara ya lami, na kutoka hapo bodaboda humfikisha abiria langoni. Ada ya kuingia hulipwa kwa njia ya kielektroniki kupitia mfumo wa eCitizen. Fedha taslimu hazipokelewi. Kwa kuwa mtandao wa simu karibu na lango unaweza kusumbua, ni busara kulipa ukiwa bado Kitale na kuhifadhi stakabadhi kwenye simu.

Ndani ya hifadhi kuna nyati na tembo, na kwa sababu hiyo anayetembea kwa miguu husindikizwa na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS). Baadhi ya wageni huona hili kuwa usumbufu, jambo ambalo mwandishi wa makala haya haafikiani nalo: nyati anayejitokeza ghafla katika kichaka cha mianzi hampi mtu nafasi ya kujadiliana. Wakati wa kiangazi, gari lenye nguvu ya magurudumu manne hufika takriban mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo ni mwendo wa saa chache kwa miguu hadi kilele cha Koitoboss chenye urefu wa mita 4,222. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, mita 4,321, kiko Uganda.

Baridi ya usiku hufikia kiwango cha kuganda, na wembamba wa hewa huwaumiza hata vijana wenye siha. Maumivu ya kichwa yanayoambatana na kutapika ni dalili ya kuteremka mara moja. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mikavu zaidi. Masika yakianza, njia za udongo huwa matope matupu.

Mapango nayo yanahitaji tahadhari ya pekee. Pango la Kitum limejipatia sifa kwa tembo wanaoingia gizani usiku na kuchokoa kuta kwa pembe ili kulamba chumvi. Hata hivyo, mwaka 1980 na mwaka 1987 raia wawili wa kigeni waliokuwa wamezuru pango hilo walifariki kutokana na virusi vya Marburg, na baadaye wanasayansi walithibitisha kwamba popo wala matunda wa aina inayoishi humo hubeba virusi hivyo. Msafiri anaweza kulitazama pango akiwa mlangoni. Akiamua kuingia, avae barakoa na glavu, asiguse kinyesi cha popo, na apatapo homa ndani ya siku 21 amweleze daktari wazi kwamba aliingia pangoni.

Jambo la mwisho linahusu mpaka. Kasoko ya mlima imegawanywa na nchi mbili, na chemchemi za Maji ya Moto ziko karibu kabisa na mstari wa mpaka, mahali pasipo na uzio wala bango la kumzindua mtu. Raia wa Kenya na Uganda wanaruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini kupitia kituo rasmi, na kilicho karibu zaidi ni Suam. Anayekusudia kupanda upande mmoja na kuteremka upande wa pili apate kwanza idhini ya idara za uhamiaji na za wanyamapori za nchi zote mbili kabla ya kuondoka langoni, kwa maana huko juu hakuna ofisi ya kugonga muhuri.