Vipaumbele vya utafiti wa ulinzi Marekani: Kutoka 14 hadi sita, nini kimewekwa kando?

WIZARA ya Ulinzi ya Marekani, ambayo mwezi Septemba 2025 iliruhusiwa kutumia pia jina la Wizara ya Vita, ilitangaza Novemba mwaka huo kuwa imepunguza maeneo yake makuu ya utafiti wa sayansi na teknolojia kutoka 14 hadi sita. Tangazo hilo lilitolewa na Emil Michael, katika wadhifa wake wa naibu waziri wa utafiti na uhandisi, ambaye alieleza kuwa orodha ndefu kiasi kile haikuonyesha ni jambo gani hasa lipewe nafasi ya kwanza.

Maeneo sita yaliyobaki ni matumizi ya akili bandia. Uzalishaji viwandani kwa kutumia viumbe hai. Ugavi wa majeshi katika mazingira ya kushambuliwa. Teknolojia ya kwantamu pamoja na mawasiliano ya vitani. Silaha za miale kama vile leza. Na makombora yenye kasi inayozidi mara tano ile ya sauti. Orodha ya awali, iliyotolewa Februari 2022 chini ya Heidi Shyu, ilitaja pia chipu za elektroniki, teknolojia ya anga za juu, nishati jadidifu, malighafi za kisasa na mawasiliano ya simu ya kizazi kijacho.

Kwa msomaji wa kawaida, mabadiliko hayo yanaweza kuonekana kuwa ni mambo ya majenerali na wanasayansi wao. Hata hivyo, historia inaonyesha kuwa orodha za namna hii huamua maabara ipi ipate fedha na ipi ikose, na matunda yake mara nyingi huishia mikononi mwa watu ambao hawajawahi kuvaa sare ya jeshi.

Oktoba 1957, Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu. Marekani iliona imeachwa nyuma, na Februari 1958 ikaunda wakala maalumu wa utafiti wa ulinzi, ambao leo unajulikana kwa jina la DARPA. Mwaka 1969 mtandao wa kompyuta uliogharamiwa na wakala huo, ARPANET, ulituma ujumbe wake wa kwanza kati ya vituo viwili vya California. Huo ndio mzizi wa intaneti.

Mfumo wa GPS nao ulianza kama mradi wa kijeshi. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Hadi Mei 2000 jeshi lilikuwa likipunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi yanayotumiwa na raia. Dereva wa teksi wa Nairobi au Dar es Salaam anayefuata ramani ya simu leo anatumia matunda ya uamuzi uliofanywa na wanajeshi miongo kadhaa iliyopita.

Utafiti wa ulinzi hupita katika ngazi kadhaa. Ya kwanza ni utafiti wa msingi, ambao hutafuta kuelewa maumbile bila kujua matumizi yake yatakuwa yapi. Ya pili ni utafiti wa matumizi, unaojaribu kugeuza maarifa hayo kuwa kifaa. Ya tatu ni kutengeneza mifano na kuijaribu nje ya maabara. Baada ya hapo ndipo jeshi huamua kununua au kutonunua. Teknolojia nyingi hufia kati ya maabara na ununuzi, kwa kuwa watafiti wamemaliza fedha zao na wanunuzi hawajatenga za kwao. Wataalamu hupaita mahali hapo bonde la mauti.

Fedha nazo hazigawanywi kwa usawa. Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2024, wizara hiyo iliomba takriban dola bilioni 145 kwa utafiti, majaribio na uundaji wa silaha. Kati ya hizo, zilizoelekezwa kwenye sayansi na teknolojia zilikuwa takriban bilioni 17.8. Utafiti wa msingi ulitengewa kama bilioni 2.5 tu, yaani chini ya dola mbili katika kila dola 100.

Msukumo mkubwa wa kupanga upya vipaumbele umetokana na vita vya miaka ya karibuni. Nchini Ukraine, na katika Bahari ya Shamu ambako Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli mwishoni mwa mwaka 2023, ndege ndogo zisizo na rubani zilivuruga hesabu za zamani. Ndege ya aina ya Shahed, iliyobuniwa Iran, inakadiriwa kugharimu makumi machache ya maelfu ya dola. Kombora moja la kuitungua la mfumo wa Patriot hugharimu dola milioni kadhaa. Mlinzi anaweza kutungua kila kinachomjia, na bado akafilisika kabla ya mshambuliaji.

Hapo ndipo silaha za leza zinapopata uzito. Januari 2024 Uingereza ilieleza kuwa leza yake ya DragonFire hugharimu chini ya pauni 10 kwa kila mfyatuo. Leza haiishiwi risasi maadamu umeme upo. Hata hivyo, ukungu, mvua na vumbi hupunguza nguvu ya miale yake. Huhitaji kuiona shabaha moja kwa moja na kuielekea kwa sekunde kadhaa. Na hushughulikia shabaha moja kwa wakati. Kundi la ndege 30 zinazokuja kwa pamoja bado ni tatizo.

Makombora ya kasi kubwa yana mantiki tofauti. Kwa kasi inayozidi kilomita 6,000 kwa saa, na kwa uwezo wa kubadili mwelekeo njiani, humwachia mlinzi muda mfupi mno wa kuamua. China ilionyesha kombora lake la DF-17 katika gwaride la Oktoba 2019, na Urusi ilitangaza kutumia Kinzhal nchini Ukraine Machi 2022. Tatizo ni joto kali linaloletwa na msuguano wa hewa, pamoja na bei. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria mwaka 2023 kuwa makombora ya aina hiyo yangeweza kugharimu theluthi moja zaidi ya yale ya balestiki yenye uwezo unaolingana nayo.

Kwantamu nayo inahusu udhaifu wa GPS. Mawimbi ya mfumo huo hutoka zaidi ya kilomita 20,000 juu ya dunia na hufika yakiwa hafifu, hivyo ni rahisi kuvurugwa. Vipimo vya kwantamu hutumia atomi zilizopozwa kwa leza kupima mwendo kwa usahihi mkubwa, ili ndege au nyambizi ijue ilipo bila kutegemea setilaiti. Uingereza ilifanya majaribio ya vifaa vya aina hiyo ndani ya ndege mwaka 2024. Kikwazo ni kuvitoa katika ukubwa wa meza ya maabara na kuvifanya vistahimili mtikisiko.

Ugavi na uzalishaji kwa viumbe hai vinakwenda pamoja. Kutoka Hawaii hadi kisiwa cha Guam ni takriban kilomita 6,000 za bahari, na meli ya mafuta ni shabaha rahisi. Ndiyo maana watafiti wanatafuta jinsi ya kuchapa vipuri karibu na uwanja wa vita, na jinsi ya kutumia vijidudu kuzalisha kemikali ambazo leo husafirishwa kutoka mbali.

Akili bandia ndiyo inayozua mjadala mzito zaidi. Mwaka 2017 Marekani ilianzisha mradi wa Maven, uliotumia kompyuta kuchambua picha za video zilizopigwa na ndege zisizo na rubani. Mwongozo wa wizara wa mwaka 2012, uliohuishwa Januari 2023, ulitaka binadamu abaki na kiwango kinachofaa cha uamuzi katika matumizi ya nguvu. Neno "kinachofaa" halikupewa kipimo. Desemba 2023 nchi 152 zilipiga kura ya ndiyo katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa azimio lililoeleza wasiwasi juu ya silaha zinazojiamulia, nalo halifungi nchi yoyote kisheria.

Maeneo yote sita yalielezwa kuwa ni mbio fupi, zenye lengo la kuwafikishia askari matokeo kwa haraka. Mtazamo huo una sababu zake, kwani silaha iliyo bora maabarani haimlindi mtu aliye mpakani. Lakini kupanga ni kuchagua, kama Mwalimu Julius Nyerere alivyosisitiza mwaka 1969 alipowasilisha mpango wa pili wa maendeleo wa Tanzania, na kila kinachochaguliwa huacha kingine nje ya mlango.

Mfano wa karibu ni chanjo ya malaria. Kwa kuwa malaria iliwaangusha askari wengi wa Marekani katika vita vya nchi za joto, jeshi lake limeichunguza kwa miongo mingi. Taasisi yake ya utafiti ya Walter Reed ilishirikiana na kampuni ya GSK kuunda chanjo ya RTS,S, ambayo umbo lake la kwanza lilipatikana mwaka 1987. Majaribio ya mwisho, kuanzia 2009 hadi 2014, yalihusisha zaidi ya watoto wachanga na wadogo 15,000 katika nchi saba za Afrika, zikiwamo Kenya na Tanzania. Mwaka 2019 chanjo hiyo ilianza kutolewa kwa watoto wa Malawi, Ghana na Kenya, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaidhinisha itumike kwa upana zaidi.

Kutoka mwaka 1987 hadi 2021 ni miaka 34. Hakuna mbio fupi ya urefu huo. Mama wa Homa Bay aliyempeleka mwanawe kuchanjwa alinufaika na kazi iliyoanza kwa ajili ya askari, na iliyovumiliwa kwa muda mrefu kuliko utumishi wa mawaziri wengi.

Iwapo orodha ya maeneo sita itaacha nafasi kwa utafiti wa aina hiyo ni jambo litakaloonekana katika mgawo wa fedha wa kila mwaka zaidi kuliko katika matangazo. Kwa wanaotaka kujua mwelekeo wa nchi hiyo, kifungu cha kusoma kwanza ni kile kidogo kabisa cha bajeti: dola hizo mbili katika kila 100.