Sakafu ya Moto na Msingi wa Nchi za Baridi

Mjenzi mwenye busara katika Ngarambe, kabla hajakata nguzo wala fito, hutazama kwanza ardhi. Udongo mweusi wa mabondeni humtia mashaka. Masika yajapo, udongo huo hunywa maji ukavimba. Kiangazi kiingiapo, hukauka ukapasuka nyufa pana. Nyumba iliyojengwa juu yake bila hadhari huinuliwa na kushushwa mwaka hata mwaka, mpaka sakafu ikachanika na kiambaza kikapasuka toka juu hata chini. Aliyeijenga pengine alijua sana kukandika ukuta. Lakini hakuijua ardhi.

Mambo ya namna hii hutokea pia mbali sana na Rufiji, katika nchi za baridi kali kama Norwei, Uswidi, Kanada na kaskazini ya Marekani. Huko si jua linaloharibu misingi, bali ni barafu.

Jinsi barafu inavyoinua nyumba

Vitu vingi hupungua ukubwa vikipoa. Maji nayo hupungua, lakini yakigeuka kuwa barafu huongezeka ghafula: vibaba 100 vya maji huwa vibaba 109 hivi vya barafu. Mwanafunzi akitaka kuhakikisha, na ajaze chupa ya plastiki maji mpaka mdomoni, aifunge, kisha aiweke katika jokofu la kugandisha usiku kucha. Asubuhi ataiona imevimba, na pengine imepasuka.

Katika nchi za baridi, maji yaliyomo katika udongo huganda vivyo hivyo wakati wa baridi. Tena liko jambo la pili lililo baya kuliko hilo. Barafu ikianza kufanyika katika udongo laini, huvuta maji mengine kutoka chini, kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Maji hayo yakifika juu huganda nayo, na barafu hujipanga tabaka juu ya tabaka. Basi ardhi huinuka, nayo huinuka pamoja na kila kilicho juu yake. Nguvu hiyo yaweza kuinua nyumba ya mawe. Tena haiinui kila pembe sawasawa. Pembe moja hupanda, nyingine hubaki, na ukuta uliosimama wima hupasuka. Baridi ikiisha, barafu huyeyuka, na ardhi iliyokuwa ngumu kama jiwe hugeuka tope lisiloweza kubeba kitu.

Dawa ya zamani na dawa ya sasa

Baridi haishuki chini bila mwisho. Mtu akichimba, hufika mahali ambapo ardhi haigandi kamwe, kwa sababu joto lililoingia wakati wa jua kali limehifadhiwa huko. Kwa hiyo wajenzi wa zamani walichimba msingi mpaka kupita kina cha barafu. Katika upande wa kaskazini wa jimbo la Minnesota, huko Marekani, sheria ya ujenzi hutaka msingi wa kawaida ushuke futi 5. Dawa hii ni njema, lakini ni ya gharama: kazi ya kuchimba ni kubwa, na mawe au saruji nyingi huzikwa mahali pasipoonekana.

Watu wa Norwei, Uswidi na Ufini walifikiri njia nyingine, nayo ilienea sana kwao baada ya mwaka 1950. Walijiuliza: ikiwa ardhi ina joto lake, kwa nini tuufuate ule joto chini? Afadhali tulizuie lisitoroke. Ndivyo afanyavyo mtu anayejifunika blanketi. Blanketi halina moto. Kazi yake ni kulishika joto la mwili lisiende zake.

Blanketi la ardhi si la sufu, maana sufu ingeoza. Ni mabamba ya povu gumu, mepesi sana, yenye vitundu vidogo vingi visivyohesabika vilivyojaa hewa. Hewa iliyofungwa mahali padogo haipitishi joto kwa urahisi. Wavuvi na wachuuzi wa samaki wanalijua povu la jamii hiyo, kwa kuwa masanduku meupe ya kuhifadhia samaki na barafu hufanywa kwalo. Sanduku lile huzuia joto lisiingie. Mabamba ya msingi huzuia joto lisitoke. Kazi ni moja.

Mabamba husimamishwa kando ya msingi pande zote, na mengine hulazwa chini ya udongo kuizunguka nyumba, kama ukingo wa mwavuli. Joto la nyumba na joto la ardhi hukaa chini ya ukingo huo, na barafu haiufikii msingi. Kwa njia hii msingi waweza kuwa wa inchi 16 tu hata mahali pa baridi kali. Lakini wajenzi hawaachi kanuni moja: chini ya sakafu hutandaza kokoto, na maji huongozwa mbali kwa mfereji. Kokoto hazivuti maji kama utambi. Na pasipo maji, barafu haina kitu cha kujijengea.

Sakafu inayopasha joto

Wenye nyumba kama hizo mara nyingi hupenda kuitia sakafu yenyewe joto. Hili si jambo jipya. Warumi wa kale waliinua sakafu za nyumba zao za kuogea juu ya vinguzo vifupi vya matofali, wakawasha moto kando, na hewa ya moto ikapita kati ya vinguzo. Watu wa Korea walifanya werevu zaidi, kwa moto ule ule wa kupikia. Jiko lilikuwa upande mmoja wa nyumba, na bomba la moshi upande wa pili. Moshi, kabla ya kutoka, ulipita katika mifereji chini ya chumba. Juu ya mifereji yalilazwa mawe bapa, juu ya mawe udongo, na juu ya udongo karatasi iliyopakwa mafuta. Chakula kilipoiva, sakafu nayo ilikuwa imepata moto, na watu walilala juu yake.

Hata katika pwani ya Afrika ya Mashariki watu walijua kupitisha joto chini ya ardhi. Huko Unguja, ambako majahazi yalipeleka boriti za mikoko kutoka Rufiji, Seyyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alijengewa hamamu la watu wote kwa mtindo wa Uajemi. Maji ya moto yaliletwa kwa mifereji iliyopita chini ya ardhi. Hamamu hilo liliacha kutumika mwaka 1920, lakini mtaa wake waitwa Hamamni hata leo.

Mjenzi mashuhuri wa Marekani, Frank Lloyd Wright, alipata kukaa katika chumba cha namna ya Kikorea huko Japani, akakipenda. Katika nyumba aliyomjengea Herbert Jacobs huko Madison, iliyokwisha mwaka 1937, alilaza mabomba ya joto chini ya sakafu ya saruji. Siku hizi maji ya vuguvugu hupitishwa katika mabomba membamba ndani ya saruji. Sakafu haitakiwi kuunguza. Mahali watu wanapokaa, uso wake hautakiwi kupita digrii 29 hivi, yaani chini ya joto la mwili wa mtu. Na chini ya mabomba hayo lazima pawe na mabamba ya povu, kwani bila hayo mwenye nyumba angenunua kuni za kuipasha moto dunia.

Sakafu ya moto ina hatari yake pia. Korea ilipoanza kutumia makaa ya mawe mahali pa kuni, watu wengi walikufa usingizini. Sakafu ilikuwa na ufa mdogo, na kwa ufa huo iliingia hewa ya sumu itokayo katika makaa, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hiyo hutoka katika jiko la mkaa. Mtu awaye yote asilale na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, hata kama baridi yamtetemesha.

Mahali ambapo joto ni adui

Liko jambo la mwisho la kustaajabisha. Katika mji wa Yakutsk, nchi ya Siberia, ardhi ya chini imeganda miaka yote, wala haiyeyuki. Huko ardhi hubeba nyumba kwa sababu imeganda. Nyumba yenye joto ikikalishwa juu yake, huiyeyusha barafu, kisha huzama katika tope lake yenyewe. Basi wajenzi wa Yakutsk huziinua nyumba juu ya nguzo, upepo wa baridi upite chini na ardhi ibaki imeganda.

Mtoto wa Rufiji akiiona picha ya nyumba hizo atakumbuka dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katika mashamba ya bondeni, ambamo mkulima hukaa akilinda mpunga, na mafuriko yakipita chini yake. Sura ni moja, sababu ni mbili: mmoja ameikimbia maji, mwingine amekimbia kuiyeyusha ardhi. Wala hakuna aliyemwiga mwenziwe. Kila mmoja aliitazama ardhi yake, akajua ina maji gani na joto gani, kisha akajenga.

Maswali

1. Kwa nini udongo laini huinuka zaidi ya kokoto wakati wa barafu?
2. Blanketi na sanduku la samaki vyafanana kwa jambo gani?
3. Eleza jinsi Wakorea walivyotumia moto mmoja kwa kazi mbili.
4. Kwa nini ni hatari kulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa?
5. Tazama nyumba moja ya kijijini kwenu yenye ufa. Je, ufa huo umetokana na ukuta au na ardhi? Toa sababu.