Mbio za farasi: kwa nini aliye hodari anabebeshwa kilo nyingi?

Tarehe 31 mwezi wa tatu 1973, katika kiwanja cha Aintree, karibu na Liverpool, Uingereza, farasi Crisp kutoka Australia aliongoza mashindano ya Grand National karibu mbio nzima, zaidi ya kilometa 7. Mwishoni nguvu zikamwishia, na Red Rum akampita hatua chache tu mbele ya msitari. Crisp alikuwa amebeba kilo 76. Red Rum, karibu 66.

Kilo hizo kumi zilipangwa. Katika mbio zinazoitwa handikapu, kila farasi anapewa pointi kufuatana na mbio alizokwisha kukimbia: alimpita nani, kwa urefu gani, na wakati huo kila mmoja alibeba kilo ngapi. Huko Uingereza pointi moja ni sawa na ratili moja, karibu nusu kilo. Mwenye pointi 80 atabeba ratili 10 kuliko mwenye 70. Mpanda farasi anapimwa pamoja na tandiko lake, na kama hazitoshi, vipande vya risasi vinaongezwa kwenye tandiko. Kisha mbio anapimwa tena, ili mtu asiibe.

Shabaha ni kwamba wote wafike pamoja. Haitokei, bila shaka, lakini ndiyo sababu handikapu ni ngumu sana kwa wanaocheza pari.

Wengi wanatazama tu nani alishinda mara ya mwisho. Hapo ndipo pesa zinapopotea, maana aliyeshinda anapandishwa pointi na safari inayofuata anabeba zaidi. Aliyefika wa tano anaweza kushushwa, akakimbia mwepesi. Ila asiwadanganye: pengine ameshushwa kwa sababu amezeeka, au ana maumivu. Na pointi zinatangazwa kwa wote, kwa hiyo wenye kupanga bei za pari wamekwisha kuzihesabu mbele yako. Anayepata faida ni yule anayeona jambo ambalo pointi hazijaonyesha bado, kwa mfano farasi kijana anayeendelea kukua, au mwenye kupenda udongo wenye maji siku mvua imenyesha.

Mwaka wa 1974 Red Rum naye alipandishwa, akabebeshwa kilo 76, sawa na Crisp mwaka uliotangulia. Alishinda tena.