Mti mkongwe uani: kuutunza, kuupogoa na haki ya jirani

Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Suala la miti mikongwe majumbani huulizwa sana, na huzidi inapokaribia masika. Sababu inajulikana. Fuoni, Tomondo, Kiembesamaki na Mbweni kwa upande wa Unguja, na pembezoni mwa Chake Chake kwa upande wa Pemba, sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa mashamba. Yalipokatwa viwanja, mwembe au mnazi aliopanda babu ulibaki palepale, na leo umesimama baina ya chumba cha watoto na bati la jirani. Baadhi ya watu wa nyumba wanasema ukatwe. Wengine wanasema huo ni sadaka ya marehemu, haukatwi. Na kila upande una hadithi ya kushika.

Wanaokataa kuukata wanataja Hadithi ya Anas (Radhiya Allahu anhu) iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Wengine huongeza Hadithi iliyomo katika Sunan Abi Dawud yenye onyo kali kwa mwenye kukata mkunazi. Wanaotaka ukatwe nao wanataja Hadithi ya Abu Hurayra iliyomo katika Sahih Muslim, ya mtu aliyeonekana akineemeka Peponi kwa sababu ya mti alioukata njiani, uliokuwa ukiwaudhi watu.

Hadithi hizi hazigongani. Abu Dawud mwenyewe aliulizwa juu ya ile ya mkunazi akafafanua kuwa inamhusu anayekata, kwa dhulma na bila ya haki yoyote, mkunazi wa jangwani ambao wasafiri na wanyama hupata kivuli chini yake. Kwa hiyo la kutazamwa ni manufaa na madhara. Umri peke yake haumhukumu mti kukatwa, na kupandwa na marehemu peke yake hakuufanyi usiguswe. Lakini baina ya kuuacha na kuukata ipo kazi ya katikati ambayo wengi wetu hatuifanyi, nayo ni kuutunza.

Anza kwa kuutazama. Watu wengi wakiona pango katika shina la mwembe husema mti umekufa. Si lazima. Sehemu hai ya mti kama huo ni tabaka jembamba lililo chini ya gome. Mbao ya katikati hata ikiliwa, mti unaweza kusimama miaka mingi ikiwa ukuta wa nje bado ni mnene na mzima. La kutisha zaidi ni uyoga mgumu kama sahani unaoota chini ya shina, kwani huashiria kuwa mizizi au kitako cha mti kinaoza. Tazama pia udongo: ukiwa umepasuka au kuinuka upande mmoja, mti unang'oka taratibu. Mti ulioinama tangu udogo wake na ukajikaza hivyo hauna shaka kama ule uliosimama wima kisha ukainama mwaka huu. Tazama panapoachana matawi mawili makubwa, kama pana ufa. Na tawi lisilotoa majani wakati wenziwe yamechipua limekufa. Hilo litaanguka, iwe kwa upepo au bila ya upepo.

Sasa nitaje tunayoifanyia miti yetu, kisha tukaja kushangaa imeanguka. Tunachimba karo la choo karibu na shina na kukata mizizi minene. Tunajenga msingi wa ukuta kwa namna hiyo hiyo. Tunamwaga zege mpaka kwenye gome, maji na hewa visipite. Tunachoma taka chini yake kila jioni. Tunafunga waya wa kuanikia nguo na kuusahau mpaka mti unaumeza. Mizizi mingi inayonyonya iko karibu na juu ya ardhi na huenda mbali kupita kivuli cha matawi, na ile minene iliyo jirani na shina ndiyo inayoushika mti usianguke. Aliyeikata upande mmoja ameukata mti nusu, ila haujui bado.

Utunzaji wake ni mwepisi. Acha duara la udongo wazi kulizunguka shina, tandaza majani makavu bila ya kuyarundika kwenye gome, na wakati wa kiangazi kikali mwagia maji mengi mara mojamoja, mbali kidogo na shina. Matawi makavu yaondolewe. Mwembe ni vizuri kupunguzwa baada ya mavuno na kabla ya masika kushika, na usitolewe zaidi ya robo ya majani yake kwa mara moja. Mti mzee hata hiyo robo ni nyingi.

Namna ya kukata nayo ina adabu yake. Pale tawi linapotoka kwenye shina pana kivimbe kama ukosi wa kanzu. Kata nje kidogo ya kivimbe hicho, wala usiache kigutu kirefu. Tawi zito likatwe kwanza kwa chini kidogo, kisha kwa juu mbele zaidi, lianguke bila ya kuchana gome, ndipo kipande kilichobaki kiondolewe. Jeraha usilipake rangi wala saruji. Huzuia unyevu usitoke na uozo huendelea ndani. Na hii tabia ya kuukata mti kichwa chote ukabaki mkono mtupu, iachwe. Machipukizi yanayotoka hapo hushikilia juujuu tu, na baada ya miaka michache huwa matawi mazito juu ya mbao iliyooza. Aliyetaka usalama amejinunulia hatari.

Mnazi una hukumu zake. Shina lake haliponyi jeraha kama mwembe, hivyo vikato vya kupandia hubaki milele. Hatari yake kubwa ni nazi kavu na makuti, na dawa yake ni mkwezi kuja kwa zamu, asisubiriwe mpaka mtu apigwe. Ukifa kichwa, ukatwe na gogo liondolewe, kwani chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa vichwa vya minazi, huzaliana katika magogo yanayooza na kuhamia mizima.

Tuje kwa jirani, maana hapa ndipo panapovunjika udugu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, tawi likivuka na kuingia katika anga ya jirani, jirani ana haki ya kumtaka mwenye mti aliondoe. Akikataa, jirani anaweza kuligeuza lirudi, na ikishindikana kuligeuza, kulikata, hata bila ya idhini ya kadhi. Mizizi inayoingia katika ardhi yake hukumu yake ni kama ya matawi. Lakini maembe yaliyo kwenye tawi hilo yanabaki kuwa mali ya mwenye mti. Kuvuka ukuta hakuyahalalishi kwa jirani. Wala haisihi jirani alipwe fedha kwa ajili ya kuliacha tawi katika hewa tupu, kwa sababu hewa peke yake haifanyiwi biashara. Pamoja na haki hiyo, nashauri jirani asitangulie na panga. Azungumze kwanza, na kazi ifanywe na fundi mmoja kwa pande zote mbili.

Je, mti ukianguka na kuvunja nyumba ya jirani, nani analipa? Mfano wa karibu katika vitabu vya fiqhi ni ukuta. Aliyeujenga tangu mwanzo ukiwa umeinamia kwa wengine, analipa. Ukijengwa wima kisha ukainama wenyewe, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa halipi, na ipo kauli nyingine kwamba analipa ikiwa aliweza kuuondoa akaacha. Wanazuoni wa Hanafi wanamlipisha aliyeonywa na akapata muda wa kutosha asifanye kitu. Mimi naona aliyeonyeshwa uyoga na ufa, akaambiwa mbele ya watu, kisha akanyamaza, asijifiche nyuma ya ile kauli ya kwanza. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amekataza kudhuru na kulipana madhara.

Kabla ya kukata, hakikisha mti ni wako. Visiwani tuna ada ya zamani ya mtu kumiliki mti na mwengine ardhi. Kwa kauli ya madhehebu, kiwanja kikiuzwa bila ya kuvuliwa kitu, miti iliyomo huingia katika mauzo. Lakini ukivuliwa katika mapatano, unabaki kwa muuzaji. Mti wa urithi ni wa warithi wote, hata dada aliyeolewa Mombasa, na anayeishi katika nyumba hana ruhusa ya kuukata au kuuza mbao zake peke yake. Ukiwa wa wakfu, mtu asiuguse bila ya msimamizi wake na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Wapo wasiothubutu kuugusa mti mkongwe kwa khofu ya majini, wakaweka ubani na vyakula chini yake. Kuwatolea majini sadaka ili wasidhuru ni shirki, na haifai kuacha tawi bovu juu ya vichwa vya watoto kwa sababu hiyo. Sema Bismillahi, soma Ayatul Kursiy, na mwite fundi.

Ikithibiti kuwa mti hautengenezeki, nenda kwa sheha akuelekeze kupata kibali cha watu wa misitu. Tafuta fundi mwenye kamba na msumeno, aushushe vipande vipande kutoka juu, waya za umeme zikiwa zimezimwa na wenyewe, na majirani wawe wameambiwa siku. Na kabla ya siku hiyo, panda mche mwengine, mbali na msingi na karo.

Wallahu aalam.