Pangani: Mji wa Mtoni na Waliolijenga Boma Lake

Sisi watu wa pwani twapenda kusema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii huitamka kwa fahari, huku tukionyesha milango ya nakshi, misikiti ya kale na makaburi ya wazee wetu. Lakini hebu ichukue, msomaji, uende nayo Pangani ukaitamke mbele ya kuta za mji ule. Hapo utahisi uchungu uliomo ndani yake, kwani huko wako wengi ambao asili yao ni utumwa wenyewe.

Pangani iko katika mkoa wa Tanga, nchini Tanzania, pale ambapo mto wa jina hilo hilo huingia Bahari Hindi. Kwa mtu wa Mombasa si safari ya mbali. Atapita Lungalunga, avuke mpaka na kuingia Horohoro, afike Tanga, kisha ashike njia ya kusini kiasi cha kilomita 50. Njiani asipite Tongoni bila ya kusimama. Pale pana magofu ya msikiti wa Ijumaa na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo, ya mji uliositawi kabla Mreno hajatia mguu pwani yetu. Vasco da Gama alipopita bahari hiyo mwaka 1498, merikebu yake moja ilikwama fungoni karibu na hapo.

Ama Pangani yenyewe, mto ndio uliouzaa mji. Maji yake yatoka katika milima ya Kilimanjaro na Meru, na njia hiyo hiyo ndiyo iliyoteremsha misafara ya pembe za ndovu hadi forodhani. Kandokando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa, na sukari yake ikipakiwa majahazini. Ng'ambo ni kijiji cha Bweni, na kusini yake ni Kikogwe, ambako mwaka 1893 ilipandwa miche 62 ya katani iliyosalimika katika safari ndefu kutoka Marekani, na ikawa ndiyo mbegu ya mashamba yote ya mkonge ya Tanganyika.

Kwa vizazi na vizazi watu wamevuka mto huo kwa mashua, na baadaye kwa kivuko. Katika miaka hii ya 2020 serikali ya Tanzania ilianza kujenga daraja la mita 525, katika barabara itokayo Bagamoyo kuja Tanga. Barabara huleta wageni, na wageni huuliza maswali. Je, tutawajibu nini?

Mgeni akifika ataonyeshwa Boma, jumba kubwa la chokaa na mawe lililokuwa makao ya tajiri wa Kiarabu kabla ya kugeuzwa ofisi ya serikali. Atatazama milango yake na kustaajabu. Kisha atasimuliwa kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wakiwa hai, ili jumba lisimame imara. Iwe lilitendeka au ni masimulizi tu, neno hilo halikuzuka bure. Watu hawasimulii hivyo juu ya nyumba iliyojengwa kwa ujira na ridhaa. Wale waliokata miwa, waliochoma chokaa na waliobeba boriti mabegani walikuwa watu walionunuliwa. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa Tanganyika kwa sheria ila mwaka 1922.

Jina kubwa la Pangani ni la Abushiri bin Salim al-Harthi. Aprili 1888 Seyyid Khalifa aliwakodisha Wajerumani wa kampuni utawala wa Mrima. Mwezi wa Agosti, katika siku za Idi ya Kuchinja, wakala wao Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe na amri yake itiiwe. Askari wa manowari wakashushwa, wakaingia msikitini na viatu na mbwa. Msomaji hahitaji kuelezwa zaidi. Mji uliwaka, na moto ule ukaenea pwani nzima.

Katika vurumai hiyo Abushiri alimkamata Mjerumani mmoja, Hans Meyer, akamtia minyororo mpaka akakombolewa kwa rupia. Mtu huyo huyo ndiye aliyefika kileleni Kilimanjaro Oktoba 1889, kwenye mlima uleule unaoulisha mto wa Pangani. Miezi miwili baadaye, tarehe 15 Desemba 1889, Abushiri alinyongwa Pangani. Washairi wetu hawakunyamaza. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliitungia vita hivyo utenzi, nao ungalipo.

Naam, Abushiri alikuwa shujaa, na mimi ni miongoni mwa wanaomheshimu. Lakini alikuwa pia bwana wa shamba la miwa, na waliolima shamba lile walikuwa watumwa. Mambo haya mawili ni ya mtu mmoja, na wala moja halifuti jingine. Anayemsifu mgeni mbele ya Boma kwa kusimulia vita vya Wadachi peke yake amesimulia nusu ya habari. Na anayetaja minyororo ya Mwarabu, akaisahau kamba ya Mjerumani, naye amesimulia nusu.

Wako watakaosema, ya nini kufukua aibu? Nami huwajibu kwamba sote tulisomeshwa chuoni Surat al-Balad, ambamo kumwacha huru mtumwa kumetajwa kuwa ndiyo ile njia nzito ya kuupanda mlima. Tulisomeshwa pia habari za Bilal. Dini haikutuficha jambo hili, basi kwa nini sisi tulifiche? Wala Pangani si peke yake. Nafaka ya Malindi na ya Takaungu ililimwa na mikono ya namna hiyo hiyo, na Kisauni yetu ya Mombasa ndiko walikokuja kukaa waliookolewa majahazini, tangu mwaka 1875. Wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa leo wanaswali safu moja, wameoana, na aghalabu mtu mmoja ni mjukuu wa wote wawili.

Shauri langu ni jepesi. Walimu wawapeleke wanafunzi Pangani, na kila anayewaongoza wageni awatajie wote: aliyemiliki nyumba, aliyeijenga, aliyeipigania na aliyeiteka. Wazee wenye habari za bibi na babu zao waulizwe wangali hai, na maneno yao yaandikwe. Kuta za chokaa zikiachwa mvuani bila ya kuezekwa hazidumu, na kumbukumbu ni vivyo hivyo.

Tongoni, mwenye adabu hupita makaburini akasoma Fatiha. Akifika Pangani na aisome tena pale Bomani, kwa ajili ya wale ambao hawakujengewa kaburi wala kuandikiwa jina.