Msandali: Manukato Hayana Jinsia, Mti Unayo

Manukato yenye harufu ya mti na ukali wa viungo husemwa kuwa humfaa mtu mtulivu, awe mwanamume au mwanamke. Huo ni usemi wa wauzaji. Kemia haipimi utulivu. Ijulikanayo ni kwamba mafuta ya sandali hugeuka mvuke polepole juu ya ngozi, ndiyo maana harufu yake hudumu.

Msandali wa Afrika Mashariki (*Osyris lanceolata*) humea katika nyanda za juu za Iringa na Mbeya. Mti huu, tofauti na manukato, una jinsia: iko miti dume na miti jike, na dume ikitoweka, jike hazizai mbegu. Tena, ingawa majani yake hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, mizizi yake hunyonya maji na chumvichumvi katika mizizi ya mimea jirani. Mche uliotengwa peke yake hudhoofika.

Mafuta yamo katika kiini cha shina na katika mizizi. Kwa hiyo wavunaji wengi hawakati tawi, bali hung'oa mti mzima, usichipue tena. Tangu mwaka 2013 msandali wa Tanzania umo katika Mkataba wa CITES: magogo na mafuta hayavuki mpaka bila kibali. Chupa ya manukato iliyokwisha kufungwa kwa rejareja haihusiki.